Mzee Ndoo Anastaafu, na Chakula ni Maharage

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika Kituo cha Mifugo, kitengo cha nguruwe wa kienyeji wa visiwani, Bwana Mifugo wetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Hakuna anayemwita Bwana Mifugo. Sote tunamwita Mzee Ndoo, na sababu itaelezwa. Hafla ya kumuaga itafanyika katika ukumbi wa kituo baada ya saa za kazi. Wageni wataona kwamba chakula cha siku hiyo ni wali na maharage, ilhali kadi za mwaliko zilisema nyama. Kadi zilichapishwa mapema. Sababu ya badiliko hili nayo itaelezwa, mahali pake.

Wasifu huu umeandikwa na mtunza stoo. Kamati ilitafuta mtu aliyefanya kazi na mstaafu kwa muda mrefu kuliko wote, ikampata mtu aliyempa ndoo kwa muda mrefu kuliko wote. Mwandishi anaona ni jambo lilelile.

Mstaafu alifika kituoni akiwa kijana mwembamba mwenye cheti, viatu vya ngozi, na imani kwamba angepangiwa ng'ombe. Wenzake wawili walioripoti naye siku hiyo walipangiwa ng'ombe. Yeye alipewa boti, nahodha asiyependa mazungumzo, na dume mmoja mweusi wa nguruwe aliyekuwa amefungwa kamba nyuma ya choo cha wafanyakazi. Mkuu wa kituo wa wakati ule alimwonyesha dume yule, akamwambia, "Huyu ndiye mwenzako. Msikosane."

Kwa faida ya wasomaji wa idara nyingine, kazi yenyewe iko hivi. Visiwani karibu kila nyumba hufuga nguruwe jike mmoja au wawili wa kienyeji, wafupi, weusi, wenye pua ndefu na manyoya magumu mgongoni, wanaoishi kwa maganda ya viazi, machicha ya nazi, vichwa vya samaki na chochote kinachoanguka chini. Wenye nguruwe ni akina mama. Akina baba husema ni wao, lakini nguruwe akiitwa na baba haji. Dume hafugwi na nyumba yoyote, kwa kuwa hula kama watu wawili na kufanya kazi siku chache kwa mwaka, na visiwani watu wa namna hiyo tayari wapo wa kutosha. Kwa hiyo kituo hufuga dume mmoja kwa niaba ya wote, naye hupelekwa kwa boti kisiwa hadi kisiwa, nyumba hadi nyumba. Akifika hupokewa kama mkwe. Hutandikiwa majani makavu, huchemshiwa viazi, na watoto hufukuzwa wasimchokoze. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwana Mifugo humfikisha, humsubiri amalize alilojia, kisha huondoka naye kwenda nyumba ya pili.

Safari ya kwanza ya mstaafu ilishuhudiwa na watu wengi, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba kijana wa viatu vya ngozi atampakia dume. Nguruwe ana tabia moja ambayo chuoni hawakuifundisha. Ukimvuta mbele, anarudi nyuma. Ukimsukuma kwa nyuma, anakugeukia. Mstaafu alivuta mpaka kamba ikakatika, akaingia majini na cheti chake mfukoni. Wakati watu wanashughulika kumtazama, dume aliona ndoo ya kuchotea maji ya boti, ambamo nahodha alikuwa ameweka makombo ya chakula chake, akaingiza kichwa humo, kikanasa. Giza lilipomwingia, alianza kurudi nyuma ili aitoke ndoo. Ndoo ikawa inamfuata. Alirudi nyuma gatini kote, akapanda ubao kinyumenyume, akaingia botini, akakaa. Mstaafu alipanda kutoka majini, akatembea hadi ubaoni huku viatu vikilia, akasema, "Ndivyo inavyofanywa."

Tangu siku hiyo akaitwa Ndoo. Mzee liliongezwa baadaye, lilipostahili.

Hakuna aliyemkumbusha kwamba mbinu ile ilikuwa ya dume. Yeye mwenyewe aliiendeleza mpaka ikawa fani. Dume huvikwa ndoo ya saizi ya kichwa chake, naye Mzee humshika mkia na kumwelekeza, mkia ukifanya kazi ya usukani. Kikubwa ni kuanza mapema. Dume mdogo anapoachishwa ziwa tu huanza na ndoo ndogo yenye kiazi ndani, ajue kwamba giza lina mwisho na mwisho wake una kiazi. Samaki mkunje angali mbichi. Dume aliyekua bila kuijua ndoo hafundishiki tena, hata umwekee karamu humo.

Kwa upande wa stoo, mbinu hii ilikuwa na athari zake. Ndoo zilitoka, hazikurudi. Mwandishi aliwahi kumwuliza mstaafu ndoo za kituo huishia wapi, akajibiwa kwamba visiwani maji yako mbali na akina mama ni wengi. Mwandishi hakupata kifungu cha kanuni cha kujibu hoja hiyo. Ukitembea visiwa vile leo, ndoo zote utakazoziona visimani zina alama ya kituo, na baadhi zina alama za meno.

Pamoja na sifa hizi, haki itendeke: mstaafu hakuwa malaika wa nguruwe wa kienyeji. Wakati mmoja alipenda nguruwe weupe. Walikuja kutoka mbali, wakubwa, wenye masikio yaliyosimama, na Mzee ndiye aliyewapigia debe kuliko wote. Alisimama ufukweni akawaahidi akina mama vitoto kumi na viwili kila uzao. Nguruwe weupe waliungua jua wiki ya kwanza. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, aliombwa awashonee mashati ya magunia ya unga, akashona, mikono mifupi. Boti ya chakula cha dukani ilipochelewa, wale weusi walishuka ufukweni wakafukua chaza. Wale weupe walilala chini wakasubiri kuhudumiwa. Taarifa ya Mzee kwa makao makuu ya mwaka ule ina sentensi moja kuhusu mradi huo: "Nguruwe weupe wanaendelea vizuri kivulini." Mwaka uliofuata hakuna taarifa iliyowataja tena, na Mzee alirudi kwa weusi bila kutoa tangazo.

Mkewe huyo anastahili aya yake. Ameishi na madume manne, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kati ya safari na safari dume hulazwa uani kwa Bwana Mifugo. "Mimi niliposwa na mtu mmoja," alisema mwandishi alipomtembelea, "nguruwe nikapewa juu." Binti yao alipokuwa darasa la kwanza aliambiwa achore familia yake. Alimchora mama yuko kwenye cherehani, nguruwe anatazama mbele vizuri, na baba amegeuza mgongo, kwa sababu ndivyo alivyomzoea, akiondoka. Mchoro ule ulibandikwa jikoni kwao. Mzee aliuona kila asubuhi kwa miaka, na hakuwahi kusema kwamba haukufanana.

Dume wa nne na wa mwisho ni Balozi. Aliitwa hivyo kwa sababu kila mlango ulifunguka kwake. Mwandishi amewahi kusafiri naye mara moja, na anakumbuka kwamba botini kulikuwa na kiti kimoja tu chenye kivuli. Mgeni kutoka makao makuu aliyekuwa nasi siku hiyo aliuliza kiti kile ni cha nani. Nahodha alimjibu kwa kumwangalia Balozi. Mgeni alisafiri juani.

Kisha ikaja homa. Wafugaji hawahitaji kukumbushwa, na sisi wengine hatupendi. Ilipita visiwa vya karibu nyumba kwa nyumba, ikaondoka na nguruwe wote. Mzee alikwenda kusaidia kuzika. Alipofika stoo wakati ule hakuomba ndoo, aliomba chokaa na sepetu, na ndiyo maombi yake pekee ambayo mwandishi aliyapitisha bila kuuliza ni ya kazi gani. Mama mmoja alimkataza asimguse nguruwe wake, akamzika mwenyewe, halafu akamtengea Mzee chakula. Mzee alikula. Alisema baadaye kwamba hajawahi kula chakula kigumu namna ile kumeza.

Balozi alipona kwa sababu alikuwa kifungoni. Miezi michache kabla ya homa alikuwa ameingia bustani ya shule akala kabichi za maonyesho, na mwalimu mkuu alikataa kumwona akipita hata barabarani. Mkuu wa kituo aliagiza afungiwe bandani mpaka hasira ya mwalimu ipoe. Hasira hiyo ilidumu kuliko homa. Majike nao walibaki mahali pamoja tu, kisiwa cha mwisho kabisa, kule ambako boti hufika ikitaka. Serikali ikapiga marufuku kusafirisha nguruwe. Kwa hiyo hali ikawa hivi: dume wa mwisho wa kienyeji yuko huku, majike wa mwisho wako kule, na katikati kuna maji na sheria.

Kule kisiwa cha mwisho msemaji wa wafugaji ni mjane mmoja ambaye kila mtu humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Kila boti iliporudi kutoka huko, nahodha alileta ujumbe wake kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza: "Mwambieni Ndoo nguruwe wangu wanazeeka, na mimi nazeeka. Aamue ataanza na nani." Nguruwe jike asipopandwa muda mrefu hufika mahali hazai tena, na Shangazi alilijua hilo, na Mzee pia. Wale majike wakipitiliza, basi. Kazi yake yote ya miaka thelathini na mitatu ingebaki ndoo za visimani.

Marufuku iliondolewa mwaka jana, mwezi wa tisa. Siku hiyohiyo Mzee aliomba mafuta ya boti. Wiki hiyohiyo ilikaa Kamati ya Kumuaga Mstaafu, ambayo huanza kazi mapema kwa kuwa vikao vyake vina chai.

Mzee hakualikwa, maana anayeagwa haketi kwenye kamati ya kumuaga. Asiyekuwepo na lake halipo. Mhasibu ndiye aliyetoa hoja. Alisema kitengo cha nguruwe wa kienyeji kinafungwa mstaafu akiondoka, Balozi ni mzee na hatakuwa na mtu wa kumwangalia, na hakuna heshima kubwa kuliko kumuaga Bwana Mifugo kwa nguruwe wake mwenyewe. Wajumbe waliguswa. Mmoja alifuta machozi. Kikao kilikuwa cha mchana na chai ilikuwa bila kitafunwa. Ndipo likaibuka suala la kitaalamu, kwamba nyama ya dume mzee inanuka, na dawa yake ni kumhasi miezi mingi kabla na kumnenepesha taratibu. Kamati ilijipongeza kwa kuanza mapema. Ikabaki kumtafuta wa kumhasi, na kituo kizima kina mtu mmoja tu anayehasi nguruwe.

Kwa hiyo Mzee Ndoo aliitwa kwa mkuu, akaagizwa amhasi Balozi. Hakuambiwa sababu, ili karamu imshtue. Kamati haikufikiria kwamba inamwagiza mtu ambaye maisha yake yote kazini hajaona dume mzee akihasiwa kwa ajili ya kitu kingine chochote isipokuwa sufuria.

"Nimesikia, mkuu," alijibu.

Kutoka hapo alikuja stoo akaomba ndoo moja kubwa. Mwandishi alimwuliza ni ya kazi gani, kwa kuwa kanuni zinataka hivyo. Alisema ni ya kuhasia. Kuhasi hakuhitaji ndoo ya saizi ile, na mwandishi, ambaye ametoa vifaa vya kuhasia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, analijua hilo vizuri. Alimpa ndoo iliyo bora.

Asubuhi yake mkuu alikuta mezani ombi la likizo. Mzee hakuwahi kwenda likizo hata mara moja, akawa anaziomba zote kwa pamoja. Karani alipiga hesabu, akakuta kwamba zinafika Juni, mwezi wa kustaafu, na kuzidi. Mkuu alitia saini kwa furaha, akasema mtu huyu anastahili kupumzika. Baadaye alitoka kwenda bandani. Banda lilikuwa limefagiwa, mlango umefungwa vizuri kwa komeo, na ndani hamna nguruwe.

Nahodha aliitwa kuhojiwa. Aliulizwa kama amembeba Balozi botini. Alifikiri, kisha akasema, "Uso wake sikuuona." Mhasibu alitaka hatua zichukuliwe. Mkuu aliuliza hatua gani, dhidi ya mtumishi aliye likizo halali, kwa kosa la kumpeleka dume wa kituo mahali ambapo kituo kimekuwa kikimpeleka miaka yote. Mhasibu aliomba muda wa kulitafakari. Bado anautumia.

Baada ya hapo, kimya. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Siku moja mkewe Mzee alifika stoo kuazima kamba ya kufungia cherehani. Alisema amemsubiri mume huyu nchi kavu ujana wake wote, sasa acha akamsubirie hukohuko. Mwandishi alimuuliza kama ana ujumbe wowote kwa kituo. Alisema, kwa habari alizoletewa na nahodha, Balozi amechoka na safari, anakula kidogo, na Shangazi hulala nje usiku akimwuguza kama mgonjwa. Kuhusu majike alisema hakuna anayejua, wamechelewa sana. Alifunga cherehani yake, akaondoka. Mwandishi hapendi kuandika mambo ya moyoni katika jarida la watumishi, lakini ukweli ni kwamba tangu siku hiyo kila boti iliporudi alitoka stoo akasimama mlangoni, na hakuwa peke yake. Karani alikuwepo. Mwalimu mkuu wa shule, mwenye kabichi, alipita mara mbili akiuliza mengine.

Kamati iliendelea kukutana. Nyama ya hafla ilikuwa Balozi, na Balozi alipoondoka, nyama iliondoka naye. Ndiyo asili ya maharage.

Sasa, kwa ufupi, mafanikio. Mstaafu amezunguka visiwa vyote na madume manne bila kumzamisha hata mmoja, ingawa yeye mwenyewe amezama mara kadhaa. Aliwafundisha akina mama kutenga nguruwe mgonjwa siku ileile, jambo lililokiokoa kisiwa cha mwisho homa ilipofika karibu. Alikuwa akiinama chini ya kila nyumba, maana za visiwani husimama juu ya nguzo, kukagua wanapolala nguruwe, na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mgongo wake leo ni ushahidi. Hakuwahi kupandishwa cheo. Wale wenzake wawili wa ng'ombe walipanda, mmoja akawa mkuu wa kituo hiki, naye ndiye aliyetia saini ile likizo.

Wasifu huu ulikuwa umefika hapa, na mpiga chapa anausubiri, nahodha alipoingia stoo jana jioni. Alisimama kaunta kama mtu aliyebeba mzigo dhaifu. Kisha akatoa ujumbe, kama ulivyo. Mzee Ndoo anawasalimu wote. Atafika Ijumaa na mama watoto, kwani si vizuri mtu kukosa hafla yake. Zawadi ya saa ya ukutani hahitaji, mnaweza kumpa mhasibu. Anachoomba ni kimoja: awekewe ndoo gatini, mbili.

Mwandishi aliuliza kwa nini mbili.

"Moja kubwa, ya Balozi," alisema nahodha. "Moja ndogo. Amesema ndogo kabisa, na kiazi ndani."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote ambayo nahodha amewahi kusema ndani ya jengo hili. Halafu akakumbuka kwamba kuna ujumbe wa Shangazi pia: "Mwambieni karani, na huyo mkuu wenu, Ndoo alianza na nguruwe, alifanya vizuri. Vitoto wamejaa uani kwangu mpaka siwezi kupita. Mimi bado sijazeeka kiasi hicho."

Mwandishi alikaa chini kidogo. Alilia, na haoni sababu ya kuficha. Kisha alipanda ngazi, akateremsha kutoka rafu ya juu ndoo ndogo kuliko zote, ambayo haijawahi kutolewa kwa mtu, akaifuta vumbi. Mkuu wa kituo amearifiwa. Aliuliza kile kitengo kinachofungwa, hivi barua yake ya kukifunga imeshatoka? Alipoambiwa bado, alisema isitoke. Mhasibu naye amearifiwa. Amesema maharage yanampendeza.

Basi, Mzee Ndoo, kituo kinakushukuru kwa miaka yako, kwa mgongo wako, na kwa kutokutii mara moja tu ilipobidi. Pumzika na mkeo. Geuka mbele akuone uso. Tunakuombea siku nyingi, kivuli cha kutosha, na nguruwe wa jirani wanaoitika wakiitwa.

Ndoo zote mbili zipo gatini. Kuzirudisha si lazima.